Mjomba, Kizuri Hakijiuzi Chenyewe

Kama mlisikiliza kipindi cha wiki iliyopita, mnakumbuka tulivyocheka tukizungumzia kazi ambazo wazazi wetu hawawezi kuzieleza kwa watu. Mmoja wenu alituma ujumbe wa sauti akasema mama yake humwambia kila mgeni kwamba mwanawe "yuko kwenye kompyuta", basi, hadithi imeisha. Niliahidi kwamba wiki hii itakuwa zamu yangu. Ahadi ni deni, kwa hiyo kaeni niwalipe.

Tuanzie harusini. Binamu yangu alikuwa anaoa, ukumbi hapa hapa Reading, na kwa bahati mbaya nikapangiwa meza ya wakubwa. Pembeni yangu mjomba, kaka yake mama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Uko wapi siku hizi?"

"Nipo kwenye masoko, mjomba. Kwenye chama cha wanasayansi."

"Masoko." Akaweka kijiko chini. "Unauza nini?"

"Siuzi kitu hasa. Natangaza mikutano. Wanasayansi na watu wa viwandani wanakutana siku moja, wanaonyeshana mambo mapya. Mimi ndiye ninayehakikisha watu wanajua, na wanakuja."

Mjomba akatafuna pilau yake taratibu. Alikulia Lushoto, akafundisha shule ya msingi miaka mingi kabla hajaja huku, na mpaka leo anaongea kama kuna darasa mbele yake. "Sasa mwanangu, kama hiyo sayansi yenyewe ni nzuri, ya nini kuitangaza? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, kwa adabu. Lakini kwenye gari wakati wa kurudi nilikuwa kimya.

Kwa wale ambao methali hii haijawafikia: kitu kizuri hupata mnunuzi chenyewe, hakihitaji kelele. Ukiona kitu kinazungushwa mtaani na kupigiwa debe, ujue kina walakini. Sasa fikiria unaambiwa hivyo mbele ya watu kumi, na kazi yako ndiyo hiyo, kuzungusha. Maana yake mimi ni muuza vibovu mwenye beji.

Nimelifikiria jambo hili mwaka mzima. Leo namjibu mjomba.

Kazi yenyewe ni nini?

Uingereza imejaa vyama vya kisayansi. Royal Society ilianza mwaka 1660. Wanakemia walianzisha chama chao mwaka 1841. Vingi vya vyama hivi ni mashirika ya hisani, yaani havina wenye hisa wanaogawana faida. Pesa zinatoka kwenye ada za wanachama, kwenye majarida, na kwenye mikutano. Kinachobaki kinarudi kwenye kazi za chama: ruzuku kwa watafiti, misaada kwa walimu wa sayansi, mambo kama hayo. Kwa hiyo mkutano ukila hasara, kuna mtu mahali fulani atakosa kitu. Ofisini kwetu hatulisemi sana, lakini kila mtu analijua.

Mimi nimepangiwa mikutano ya viwanda. Kamati ya wanasayansi inachagua mada, mara nyingi miezi tisa au zaidi kabla. Halafu mada inatua mezani kwangu. Natafuta jina la mkutano ambalo mtu atalielewa akilisoma mara moja. Naandika ukurasa wa tovuti. Natafuta waonyeshaji, yaani kampuni zinazolipia meza ukumbini ili zionyeshe mashine na bidhaa zao. Natafuta wadhamini. Halafu naanza kuandika barua pepe, posti za LinkedIn, barua pepe tena.

Ugumu ni kwamba ninawaalika watu wa aina mbili kwenye chumba kimoja. Mwanasayansi anauliza: nani anazungumza, na ana data gani? Mtu wa kiwandani anauliza: nikitoka pale saa kumi na moja jioni, nitarudi kazini na nini mkononi? Tena yeye hawezi kuamua peke yake, kuna bosi wa kuidhinisha tiketi. Ndiyo maana kwenye tovuti yetu tunaweka barua iliyoandikwa tayari, anaweka jina lake tu na kumpelekea bosi. Jamani, msicheke. Barua hiyo imetuletea watu wengi kuliko video zetu zote.

Mambo mengine niliyojifunza kwa kuumia: watu hawajiandikishi mapema. Siku ya mwisho ya bei nafuu wanaingia kwa kishindo, halafu kimya, halafu wiki tatu za mwisho wanaingia tena. Katikati hapo ndipo unapopoteza usingizi. Na usiamini sana ile hesabu ya "wangapi wamefungua barua". Tangu mwaka 2021 simu za Apple zinaweza kuzipakua picha za barua zenyewe, hata kama mwenye simu hajaisoma, kwa hiyo namba zinadanganya. Sisi tunahesabu waliojiandikisha, basi. Na huwezi kuokota anwani za watu popote ukawarushia matangazo. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilianza kutumika Mei 2018, na Uingereza imebaki na toleo lake. Mtu akisema asiandikiwe tena, haandikiwi tena.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa turudi kwa mjomba.

Kijana wa Magamba

Mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu wa shule ya sekondari Magamba, huko huko Lushoto kwa mjomba, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kusubiri yapoe, ndipo uyaweke kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ndogo. Kijana akaona akisubiri atakosa, akayaweka yakiwa bado ya moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka ya baridi.

Kijana huyo ni Erasto Mpemba. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akaendelea kuuliza, akaendelea kuchekwa. Mpaka alipokuja mgeni, Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wenzake, akauliza tena swali lile lile. Osborne hakumcheka. Alirudi Dar, akalijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na leo jambo hilo linaitwa "athari ya Mpemba" duniani kote. Wanasayansi bado wanabishana kama ni kweli na, kama ni kweli, kwa nini.

Sasa sikiliza hapa, mjomba. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry, chama cha wanakemia cha hapa Uingereza, kilitangaza shindano: nani anaweza kueleza vizuri athari ya Mpemba? Zawadi pauni 1,000. Majibu yaliyoingia yalizidi 22,000. Mshindi, mkemia kutoka Kroatia, alitangazwa mwanzoni mwa mwaka 2013, na aliyemtangaza ni Mpemba mwenyewe.

Shindano lile lilikuwa nini? Lilikuwa masoko. Mtu fulani ofisini alikaa, akafikiri, akaandika tangazo. Na swali la kijana wa Magamba, ambalo walimu walilicheka, likafika kwa watu maelfu kwa maelfu ambao hawajawahi kusikia jina la Lushoto.

Kizuri kilikuwepo tangu 1963. Hakikujiuza. Kilibebwa.

Na kama huo ni mfano mmoja tu, chukua penisilini. Alexander Fleming aliiona London mwaka 1928, akachapisha 1929, na kwa karibu miaka kumi hapakuwa na haraka yoyote. Watafiti wa Oxford, Howard Florey na Ernst Chain, ndio walioifufua. Februari 1941 wakampa polisi mmoja aliyekuwa anakufa kwa maambukizi. Akaanza kupona. Dawa ikaisha. Walifika mahali pa kuichuja kutoka kwenye mkojo wake ili wampe tena, lakini haikutosha, akafa. Mwaka huo huo Florey na mwenzake Norman Heatley wakaenda Marekani kuwashawishi watu wa maabara na wa viwanda wasaidie kuizalisha kwa wingi. Huko Peoria, Illinois, aina ya ukungu iliyotoa dawa nyingi zaidi ilipatikana mwaka 1943 kwenye tikiti lililooza. Tikiti lilitoka wapi? Sokoni. Kufikia 1944 dawa ilikuwepo ya kutosha kwa majeshi yaliyovuka kwenda Ufaransa.

Yule polisi alikufa ilhali dawa imegunduliwa miaka kumi na mitatu nyuma. Nikiwa na siku mbaya ofisini, naposhindwa kuona maana ya kuandika barua pepe ya nne ya kumkumbusha mtu mkutano, namfikiria yeye. Ugunduzi na kiwanda vilichelewa kukutana.

Kwa hiyo nilikuwa na jibu safi la kumpa mjomba. Ningeishia hapo, safu ingekuwa fupi na mimi ningeshinda. Lakini kuna nusu ya pili ya methali.

Gundi

Mwaka jana nilipewa mkutano wa siku moja kuhusu gundi. Mama aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. "Gundi? Watu wazima wanakaa kutwa wanazungumzia gundi?"

Ndiyo, mama. Gundi iko kwenye viatu, kwenye magari, kwenye simu unayosomea hapa. Kwa miaka mingi mkemia wa gundi alisifiwa kwa kutengeneza isiyoachia kabisa. Leo sifa hiyo imegeuka tatizo. Fundi akitaka kubadilisha betri ya simu anaipasha joto, anaichokonoa, na betri ikipinda au ikitoboka inaweza kuwaka moto. Ndiyo maana maabara nyingi zinatafuta gundi inayoshika unapotaka ishike na kuachia unapotaka iachie: kwa joto, kwa mwanga, au kwa umeme. iPhone 16 ilipotoka mwaka 2024, betri yake ilikuwa na gundi inayoachia ikipitishiwa umeme mdogo. Betri ya kawaida ya volti 9 inatosha kufanya kazi hiyo. Na Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023: kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubeba ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa vifaa vichache.

Kwa mtu wa masoko, tarehe kama hiyo ni dhahabu. Mkemia atakuja kwa ajili ya gundi. Mtu wa kiwanda atakuja kwa ajili ya tarehe.

Ukumbi ulikuwa wa watu 120. Tulihitaji 80 ili tusile hasara. Wiki tano kabla ya siku yenyewe, waliojiandikisha walikuwa 41.

Bosi wangu akaniambia kwa upole kwamba "huenda tungehitaji kitu chenye moto zaidi". Kwa Kiingereza cha ofisini, hiyo ni amri. Nikakaa, nikaandika kichwa kipya cha barua. Kwa Kiingereza, bila shaka, lakini maana yake ilikuwa hivi: "Gundi inayomaliza tatizo la taka za simu." Chini yake nikaweka jina na picha ya mzungumzaji wetu mkuu, profesa mmoja mwanamke. Nikaituma Jumanne asubuhi kwa watu karibu 6,000.

Kufikia saa sita mchana walikuwa wamejiandikisha watu tisa. Nikajipongeza kwa mkate wa tangawizi.

Saa nane simu ikalia. Profesa.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi."

"Umeandika 'inamaliza'. Sisi tumeijaribu kwenye vipande vya kioo na chuma, maabara, kwa miezi minne. Hatujaiweka ndani ya simu hata moja. Wenzangu wameipata barua hii na wanadhani maneno ni yangu. Ama utoe neno hilo, ama utoe jina langu."

Nitasema ukweli: kwanza nilikasirika. Nikajisemea moyoni, mama, bila mimi utahutubia viti. Nikafungua barua niisome tena nijitetee, nikatafuta ni wapi hasa nimesema uongo. Na hapo ndipo nilipomkumbuka bibi.

Huenda na hakika

Wengi wenu mtalijua hili. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nikamsindikiza bibi hospitali kwa ajili ya presha ya macho. Mama alikuwa kazini, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Daktari alisema upasuaji huenda ukazuia macho yasizidi kuharibika. Alisema "huenda" zaidi ya mara moja. Mimi nilimwangalia bibi, nikaona alivyokaza mkono kwenye mkoba wake, nikamwambia: "Bibi, wamesema utaona."

Sikutaka kumdanganya. Nilitaka afurahi.

Upasuaji ulifanyika na ulikwenda vizuri, kwa maana ya daktari. Macho hayakuzidi kuharibika. Lakini bibi alikuwa anasubiri kuona. Wiki zikapita. Siku moja tukiwa jikoni akaniuliza, bila hasira: "Hivi, mjukuu wangu, daktari alisema vile kweli?" Sikumjibu. Nikajifanya naosha vyombo.

Sasa niko mtu mzima, nina mshahara na beji, na nimefanya kosa lile lile. Profesa alisema "huenda". Nikawaambia watu 6,000 "hakika". Sababu nayo ni ile ile, nilitaka wafurahi.

Bosi alipendekeza turekebishe ukurasa wa tovuti kimya kimya. Barua zenyewe watu watasahau, alisema, na kutuma ya pili ni kujipaka matope. Nilimwelewa, namba zilikuwa zake pia. Lakini nikamwomba tutume. Akakubali kwa sharti moja: kama mdhamini au mwonyeshaji atapiga simu, nitaipokea mimi.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Iliwaambia: jana tuliandika kwamba gundi hii inamaliza tatizo. Si kweli. Imefanya kazi vizuri maabara kwenye kioo na chuma, na bado haijajaribiwa ndani ya simu. Profesa atazungumzia yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana.

Simu ikalia kweli. Mwonyeshaji mmoja alisema hakulipia meza kwenye mkutano wa "mambo ambayo hayajakamilika", akajitoa. Pesa yake ikaondoka. Watu wawili kati ya wale tisa wakaghairi. Kwa upande mwingine, mhandisi mmoja alijibu na swali moja tu: inaachia kwenye nyuzi joto ngapi? Nikalipeleka kwa profesa. Akajibu siku hiyo hiyo. Mhandisi akajiandikisha, na akaja na mwenzake.

Lakini tulikuwa bado hatujafika 60.

Kadi na simu

Jumapili hiyo nilikuwa kwa mama. Yuko kwenye kamati ya harusi nyingine, kama kawaida. Amekaa na daftari lake, miwani puani, anapiga simu moja baada ya nyingine. "Halo, shoga yangu, hamjambo huko? Watoto? Sasa, tunawategemea tarehe ishirini. Wewe na mzee. Na ile sambusa yako, usijifanye umesahau."

Nikamwambia, "Mama, si mlishatuma kadi WhatsApp?"

Akanitazama juu ya miwani. "Kadi ni taarifa. Mwaliko ni huu."

Jumatatu nikafungua orodha yetu. Niliwatafuta watu ambao gundi ile ilikuwa inawahusu hasa: waliowahi kuja kwenye mikutano yetu ya vifaa, kampuni zinazotengeneza simu na mashine za kusikia, watu wa kuchakata taka. Nikaandika majina 70 kwenye daftari. Nikapiga simu. Kwa kila mmoja nilianza na swali, siyo tangazo: sheria ya 2027 inawagusa vipi ninyi? Halafu nanyamaza, namsikiliza. Wengine walisema haiwahusu, nikawashukuru. Wengine walisema wana tatizo hili na hili, nikawaambia ni mzungumzaji yupi anayelishughulikia na saa ngapi atazungumza. Kama hakuna, nikasema hakuna.

Siku ya mkutano walikuja 87. Kwa sababu ya ile meza iliyopotea, hesabu ilitoka sare, hatukupata wala hatukupoteza. Si hadithi ya ushindi mkubwa. Lakini nilisimama nyuma ya ukumbi wakati wa maswali, na yule mhandisi wa nyuzi joto alikuwa amesimama na profesa mbele ya kitambaa cheupe, wote wawili wameinama juu ya kipande cha kioo, chai imepoa mezani. Walibaki hapo mpaka wahudumu wakaanza kukunja viti.

Profesa alipotoka alinipa mkono. "Mwaka ujao," akasema, "nitumie maandishi kabla hujayatuma kwa watu." Nikasema nitatuma. Sasa ni kanuni ya ofisi nzima: hakuna jina la mwanasayansi linalotoka bila yeye kusoma sentensi iliyo karibu na jina lake.

Jibu la mjomba

Kwa hiyo mjomba, jibu langu ni hili. Nusu ya kwanza ya methali tutabishana. Kizuri kinajiuza kikishaonekana, lakini lazima kuwe na mtu wa kukitoa ndani kukiweka pale watu wanapopita. Aiskrimu ya Magamba ilihitaji Osborne, na baadaye ikahitaji shindano. Penisilini ilihitaji mtu wa kupanda ndege kwenda kuomba.

Nusu ya pili nakubali, mikono juu. Jumanne ile, nilipoongeza neno "inamaliza", nilikitembeza. Gundi haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kwenye neno nililoiongezea.

Nilimpigia simu wiki iliyopita nikamweleza yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwa Mpemba akanikatiza: "Magamba? Magamba naijua mimi, umenizaa wewe?" Akaanza kunieleza barabara ya kutoka Lushoto mjini mpaka shuleni, baridi yake, ukungu wake wa asubuhi. Kuhusu methali hakusema nimeshinda. Alisema, "Methali haijakosea. Wewe ndiyo umeanza kuisoma." Mwalimu ni mwalimu.

Kwa wale wanaofikiria kazi kama hii, maneno machache. Huhitaji digrii ya kemia, ila uwe tayari kuuliza maswali ya kijinga mpaka uelewe. Mshahara wa mashirika ya hisani kwa kawaida hautakutajirisha. Na usiandike kwenye CV kwamba unajua Kiswahili tu, kama vile unajua kuogelea. Kama umekua ukisoma barua za halmashauri kwa ajili ya baba, ukakaa katikati ya daktari na bibi, ukapiga simu kwa kampuni ya umeme kwa sauti ya mtu mzima, basi umeshafanya nusu ya kazi hii. Unajua kubeba maneno ya watu wa upande mmoja ukayafikisha upande wa pili, nao wote wawili wakaelewana.

Angalia tu usiongeze kitu njiani.

Bibi bado yupo, namshukuru Mungu. Mwezi uliopita, baada ya miaka yote hii, nilimweleza daktari alisema nini hasa siku ile. Akacheka. "Nilijua," akasema. "Ulikuwa huniangalii usoni."

Sasa zamu yenu. Ni lini mlitafsiri kitu mkakitia sukari? Tutumieni ujumbe wa sauti, dakika mbili zinatosha, tutavisikiliza kwenye kipindi kijacho. Na kama mjomba wako ana methali ya kukuvunja moyo, itume pia. Tutaisoma pamoja. Wiki njema.